Kabla ya Kununua Mfumo, Ulizeni Kayole

Kijana wa mtaa wa Umoja, Nairobi, anayetafuta kazi huambiwa alete cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Ada ni shilingi 1,050, na hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kwa hesabu za wizara mambo ni mepesi: anafungua akaunti, anajaza fomu, analipa kwa simu, anakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Mtaani mambo huenda vingine. Simu yake inakwama kabla ukurasa haujafunguka, au nywila ameisahau, au fomu ya alama za vidole inatakiwa ichapishwe pande mbili za karatasi moja na nyumbani hakuna printa. Basi anaenda saiba. Anaketi kando ya mhudumu, anamtajia namba ya kitambulisho, jina la mama na namba ya simu, kisha wote wawili wanasubiri ujumbe wenye tarakimu za siri uingie ili amsomee. Analipa kazi ya mhudumu juu ya ada ya serikali. Anaondoka na karatasi zake, na mara nyingi nywila yake inabaki kwenye daftari la saiba, maana mwenyewe hatarajii kuikumbuka.

Hivyo ndivyo serikali ya kidijitali inavyowafikia watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Kaunta yake halisi ni kile kibanda chenye kompyuta tatu kilicho kati ya kinyozi na duka la dawa. Mwezi Juni, tarehe 30 ikikaribia, watu hupanga foleni hadi nje ya mlango wakisubiri kujaziwa ritani za kodi za KRA. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi na watoto wao huja kwa ajili ya KUCCPS, inayogawa nafasi za vyuo, na baadaye HELB, inayotoa mikopo ya masomo. Tangu Oktoba 2024 imeongezeka SHA, bima mpya ya afya ya serikali.

Tunauliza swali moja. Kati ya watu wa Kayole, Dandora, Buruburu na Pipeline walioandikwa katika mifumo hii, ni wangapi waliojihudumia wenyewe, na ni wangapi waliohudumiwa na mtu wa saiba? Mwanafunzi wa shahada ya pili wa Chuo Kikuu cha Nairobi angeweza kulichunguza kwa muhula mmoja na kwa fedha kidogo sana. Jibu lilipaswa kujulikana kabla ya Juni 30, 2023, siku Rais William Ruto alipozindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali kwenye eCitizen.

Msimamo wetu ni huu: mfumo wowote wa kidijitali unaonunuliwa kwa pesa za umma usinunuliwe kabla maswali yake hayajaandikwa, hayajatangazwa, na hayajajibiwa na watafiti waliopanda ngazi za ploti zetu. Vyuo vikuu vinao watu wa kuifanya kazi hiyo. Kinachokosekana ni serikali yenye mazoea ya kuuliza mapema.

Eastlands si pembe ya jiji. Katika sensa ya 2019 Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Jumlisha kaunti ndogo tano za upande huu: Embakasi 988,808, Njiru 626,482, Kamukunji 268,276, Mathare 206,564 na Makadara 189,536. Unapata watu 2,279,666, zaidi ya nusu ya jiji, na Kasarani bado hatujaihesabu. Mfumo usiofanya kazi Kayole haufanyi kazi Nairobi.

Na asidhani mtu kwamba mitaa hii haijachunguzwa. Mwaka 2000 watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya chenye makao hapa Nairobi, walipita katika mitaa ya mabanda wakiwauliza akina mama kuhusu watoto wao. Matokeo yalichapishwa 2002. Katika mabanda, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 151 walikuwa wakifa kabla ya kutimiza miaka 5. Katika vijiji vya Kenya walikuwa 113. Nairobi kwa jumla walikuwa 62. Zisome tena hesabu hizo. Kwa miaka mingi serikali ilitazama ile 62 ikaona jiji lenye afya kuliko kijiji, kumbe watoto wa Korogocho walikuwa wamefichwa ndani ya wastani pamoja na watoto wa mitaa ya kifahari.

Kituo hicho hakikuishia hapo. Kuanzia 2002 kilifungua daftari la kufuatilia kaya za Korogocho na Viwandani, mlango kwa mlango, mara kadhaa kwa mwaka: nani amezaliwa, nani amehamia, nani amehama, nani amefariki na kwa ugonjwa gani. Jambo moja lililojitokeza wazi ni jinsi watu wa mitaa hii wanavyohama. Mpangaji anaondoka Viwandani kodi ikipanda, anaingia mtaa wa jirani, kazi ikiisha anarudi mashambani, baada ya miezi michache yuko Kariobangi. Sasa fikiria mfumo wa serikali unaomtaka mtu huyo aandike makazi yake mara moja, kisha uendelee kuamini kwa miaka mitano kwamba bado yuko pale pale. Aliyelisoma daftari la Korogocho hawezi kutengeneza mfumo wa namna hiyo. Lakini mkandarasi aliyeshinda tenda, na afisa aliyemwandikia masharti ya tenda, ni nani aliyewapelekea?

Tukitaka mfano wa utafiti uliopuuzwa, tuna Dandora. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa matokeo ya uchunguzi kuhusu jaa la taka la Dandora. Watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo walipimwa, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubaliwa kimataifa. Jaa lenyewe lilikuwa limeshatangazwa kuwa limejaa tangu 2001. Hadi leo malori yanaingia. Watoto waliopimwa siku zile sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Hatuwezi kuandika jambo hili bila uchungu.

Lakini upo pia mfano wa utafiti uliosikika, na tunautaja kwa kirefu kwa sababu umetokea mlangoni petu.

Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani ni mitaa mitatu iliyosongamana kandokando ya Industrial Area, yenye takriban kaya 100,000. Sehemu kubwa ya ardhi yake iligawiwa watu binafsi na kampuni kwa ajili ya viwanda vidogo. Viwanda havikujengwa, watu wakajenga. Kuanzia 2013 hivi, kwa msaada wa shirika la utafiti la Kanada, IDRC, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifanya kazi pamoja na Muungano wa Wanavijiji, Akiba Mashinani Trust na Katiba Institute. Wakazi wenyewe ndio waliobeba madodoso na kuhesabu milango, vyoo, mifereji na nyaya za umeme. Yakaandikwa mambo ambayo kila mama wa Mukuru aliyajua tangu zamani: kwamba maskini wa Mukuru analipia maji na umeme bei ya juu kuliko mwenye nyumba ya lango na ua, na anachopata ni hafifu zaidi. Safari hii, hata hivyo, yaliandikwa kwa namna ambayo mwanasheria angeweza kuyapeleka mahakamani na mhandisi angeweza kuyachorea ramani.

Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Mashirika zaidi ya 40 yaligawana kazi kwa makundi: maji na nishati, afya, elimu, ardhi, fedha, mazingira. Wakazi walipangwa kwa seli za kaya kumi kumi, seli zikaungana kuwa baraza, na mpango ukajadiliwa kutoka chini. NMS, mamlaka ya kuendesha huduma za jiji, ilipoundwa 2020 chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi na kutafuta kazi ya kuanza nayo, mpango wa Mukuru ulikuwa tayari. Barabara zikawekwa lami, visima vikachimbwa, mabomba ya majitaka yakalazwa, hospitali zikafunguliwa.

Hatusemi Mukuru imekuwa peponi. Novemba 2021 tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga na maelfu ya watu wakalala nje, mpango ukiwa upo na kila mtu akijua upo. Karatasi peke yake haimzuii dereva wa tingatinga. Lakini tunawaomba viongozi waone jinsi kazi ile ilivyopangwa: swali lilitoka kwa wenye shida, msomi akalitia nguvu, na afisa alipolihitaji jibu alilikuta tayari. Mifumo ya kidijitali tunayoishi nayo ilikuja kinyume chake. Jibu hununuliwa kwanza, halafu wananchi wanaambiwa wajifunze kulitumia.

Tutazame SHA. Bima ya NHIF, iliyokuwapo tangu 1966, iliondolewa na mpango mpya ukaanza Oktoba 1, 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara, yaani fundi wa Kamukunji, mama mboga wa Soko Mjinga, dereva wa bodaboda wa Donholm, anaulizwa maswali kwenye mtandao, kisha mfumo unakadiria uwezo wake na kumwambia atalipa kiasi gani. Hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Miongoni mwa maswali hayo kuna ya nyumba: ukuta ni wa nini, paa, sakafu, choo, maji unayapata wapi.

Njoo nayo Pipeline, mtaa wa ghorofa sita, saba, nane zilizobanana mpaka chumba cha chini kinawasha taa saa sita mchana. Ukuta ni wa mawe. Sakafu ni ya saruji, pengine ina vigae. Umeme upo. Choo ni cha kuvuta maji, ingawa kinatumiwa na korido nzima na maji yenyewe huja siku za zamu. Mpangaji wa chumba kile ni kibarua anayesimama kwenye geti la kiwanda alfajiri bila kujua kama ataitwa. Siku akiitwa anakula, asipoitwa anakopa. Kilomita chache kutoka pale, mtu anaishi katika nyumba ya mabati aliyoijenga mwenyewe, hana kodi ya kulipa, na ana vyumba vingine kumi vya mabati anavyopangisha. Ukiwapima wawili hawa kwa ukuta, utampa kila mmoja hesabu ya mwenzake.

Jambo hili si la siri katika vyuo vikuu. Marie Huchzermeyer, profesa wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, alitoa 2011 kitabu kinacholinganisha ghorofa za kupangisha za Nairobi, Huruma ikiwamo, na zile za Berlin ya karne ya 19. Mwaka 2024 mwanaanthropolojia Mario Schmidt alitoa kitabu kizima kuhusu wanaume waliohamia Pipeline na mzigo wa kutafuta riziki wanaoubeba. Kusoma vitabu hivyo viwili ni kazi ya wiki moja. Baada ya wiki hiyo hakuna mtu makini ambaye angelichukulia jiwe la ukuta wa Pipeline kuwa ushahidi wa pesa mfukoni mwa mpangaji.

Tunapenda kila Mkenya awe na bima ya afya, na tunapenda mwenye nacho achangie zaidi ya asiye nacho. Kwa sababu hiyo hasa tunataka kipimo kijaribiwe mbele ya watu. Wizara ya Afya ichukue wadi chache za Eastlands, iwape watafiti wa vyuo viwili au vitatu ruhusa ya kulinganisha kile mfumo unachosema na mapato ambayo kaya zenyewe zimeyaandika kwa miezi sita, na ichapishe matokeo yote, mazuri na mabaya. Mama mboga aliyetajiwa kiasi asichokiweza haachi kuugua. Anaacha kulipa, na siku mtoto akipata homa ya mapafu anaanza kuchangisha kwenye kundi la WhatsApp la ploti.

Serikali ikikataa kumsikiliza msomi ofisini, itakutana naye mahakamani. Somo hilo tumelilipia ghali. Mwaka 2019, Aprili na Mei, tulipanga foleni kujiandikisha kwa Huduma Namba, mfumo wa serikali wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho. Nubian Rights Forum na wenzao walikwenda Mahakama Kuu. Pale ndipo wataalamu walipopata nafasi ya kusema kwa kina: Anand Venkatanarayanan akieleza udhaifu aliouona katika mfumo wa utambulisho wa Aadhaar wa India, Bronwen Manby akieleza jinsi vitambulisho barani Afrika vinavyowaacha nje watu ambao tangu awali wanasumbuliwa kuhusu uraia wao. Wakazi wa Eastleigh hawakuhitaji kuelezwa hilo. Januari 30, 2020 majaji watatu walikataza kukusanya chembe za DNA na kuandika mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti, na wakataka sheria kamili iwepo kwanza. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akaamua kwamba utoaji wa kadi ulikuwa batili kwa kuwa tathmini ya athari kwa data za watu, inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, haikufanywa. Mabilioni ya shilingi yalikuwa yameshatumika. Tathmini hiyo, kwa lugha ya kawaida, ni utafiti. Ni kukaa chini na kuuliza kabla ya kuanza.

Sasa tuwageukie wasomi, maana hatutawaacha hivi hivi.

Watu wa Korogocho wameulizwa maswali mpaka wamechoka. Kijana anakuja na tableti, anauliza umekula mara ngapi jana, anashukuru, anaondoka, na harudi tena. Miaka mitatu baadaye makala inatoka katika jarida la Uingereza linalouzwa kwa dola, kwa Kiingereza ambacho hata mwalimu wa shule ya Korogocho angekisoma kwa taabu. Mwandishi anapandishwa cheo. Aliyejibu maswali hajui kama jibu lake lilifika popote. Vyuo vyetu vimezoea kumpima mhadhiri kwa makala, na havimwongezei chochote kwa waraka wa kurasa nne uliomsaidia afisa wa kaunti kurekebisha fomu. Maseneti ya vyuo yabadilishe kanuni hiyo. Hayahitaji ruhusa ya mtu.

Na mara nyingi swali lenyewe linatoka mbali. Aliye na fedha za utafiti yuko Ottawa, London au New York, naye ana mambo yake anayotaka kuyajua. Hatuwalaumu wafadhili, Mukuru isingewezekana bila wao. Lakini Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilisema asilimia 2 ya pato la taifa itengwe kwa utafiti kila mwaka. Haijawahi kutengwa. Nchi isiyogharimia maswali yake yenyewe haiwezi kushangaa ikijibiwa maswali ya wengine.

Kuna jambo jingine ambalo wananchi wengi hawalijui. Mtu yeyote anayefanya utafiti Kenya anatakiwa kuwa na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Masharti ya kibali yanamtaka awajulishe wakuu wa kaunti kabla ya kuanza, na akimaliza aikabidhi tume nakala ya ripoti yake. Maana yake ni kwamba ripoti kuhusu maji ya Kayole, mikopo ya simu ya vijana wa Mathare na vituo vya afya vya Njiru zinatakiwa kuwa ndani ya nyumba ya serikali. Tunaitaka tume izipange kwa wadi na kwa mada, na aajiriwe mtu ambaye kazi yake ni kusoma na kumwandikia katibu wa wizara kurasa mbili kila mara idara inapofikiria kununua mfumo. Kazi ya mtu mmoja mwenye mshahara wa kawaida ni rahisi mno ukiilinganisha na mfumo mmoja uliokataliwa na mahakama.

Katika kuandika maswali mapema, Uingereza walitutangulia. Mwaka 2015 mwanasayansi Paul Nurse aliishauri serikali yake kwamba kila wizara iandike waziwazi mambo isiyoyajua na inayotaka kuyajua, ili vyuo vipate mahali pa kuanzia. Wizara zilianza kuchapisha orodha hizo, na bado zinachapisha. Si jambo kubwa. Ni kurasa chache za maswali, zikiwa na jina la ofisi inayongoja majibu. Wizara ya Habari na Uchumi wa Kidijitali inaweza kutoa orodha yake ya kwanza kabla mwaka huu wa fedha haujaisha, na Kaunti ya Nairobi vivyo hivyo.

Tukiombwa maswali ya kuanzia, tunayo. Kwenye eCitizen, ni maombi mangapi huanzwa na kuachwa katikati, na huachwa kwenye ukurasa upi? Idara inayo data hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data yenyewe inaruhusu data itumike kwa utafiti na takwimu mradi watu wasitambulike. Bibi wa Kaloleni mwenye simu ya mulika mwizi anapataje huduma? Kampuni ya maji ya Nairobi ilijaribu kujibu swali la namna hiyo 2014, ilipoanzisha Jisomee Mita: mteja wa Kayole Soweto anasoma mita yake mwenyewe, anatuma tarakimu kwa simu ya kawaida, analetewa bili na kulipa kwa M-Pesa, bila intaneti. Na fomu zetu ziandikwe kwa Kiswahili cha namna gani ili mtu wa Dandora azijaze bila mkalimani? Ibara ya 7 ya Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini fomu nyingi za mtandaoni bado ni za Kiingereza. Idara za Kiswahili za vyuo vyetu zina wataalamu wanaoweza kuifanya kazi hii, waitwe.

Swali la saiba nalo liulizwe kwa heshima. Serikali imeahidi vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi. Kabla ya kujenga chake mkabala na saiba ya Kayole iliyojitegemea kwa miaka kumi, iulize kama kijana yule angependa kupewa mafunzo, leseni na kiapo cha kutunza siri za wateja, awe sehemu ya huduma badala ya kunyang'anywa riziki. Yeye anajua kila ukurasa unaowashinda watu. Hakuna mshauri wa Upper Hill anayejua robo ya anayoyajua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wala watafiti wasiogope kazi ndogo za miguuni. Kati ya 2012 na 2014 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa MIT na Columbia, walipanda matatu wakiwa na simu zao, wakaandika kila kituo, mpaka wakapata ramani ya njia zaidi ya 130. Jiji lilikuwa halijawahi kuwa na ramani kama hiyo. Mwaka 2015 Google ikaanza kuonyesha njia hizo. Data ilitolewa bure. Abiria wa 58 wa Buruburu anajua kwamba njia na vituo havikai, hubadilika kila barabara ikichimbwa. Kaunti ingekuwa na makubaliano na chuo, kila darasa jipya lingeisahihisha ramani hiyo kila mwaka kama sehemu ya masomo.

Ombi letu la mwisho ni dogo. Kaunti ina maktaba mbili huku kwetu, ya Kaloleni na ya Makadara, matawi ya McMillan ambayo shirika la Book Bunk limeyafufua. Rafu moja katika kila maktaba iwekewe ripoti zote zilizoandikwa kuhusu Eastlands, kila moja ikiwa na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, na mara moja kwa mwezi aliyeandika aje kukaa na wakazi jioni. Afisa wa kaunti anayehusika na mifumo awepo, na daftari. Tungependa ripoti ya kwanza iwe ile ya 2007 ya Dandora, na waalikwe wazazi walioletwa kupimwa wakiwa watoto.